Efrazia Hajafika Kwenye Picha

Sesilia aliwasha kompyuta, akaiacha iendelee na mambo yake, akaenda kuinjika chai. Ndivyo alivyozoea. Kompyuta ile aliinunua marehemu mumewe, Benjamini, ikiwa imeshachoka ofisini kwa watu. Tangu inapowashwa mpaka programu ya picha ifunguke, mtu aliweza kuchemsha chai, kuipoza kwa kuimimina kikombe hadi kikombe, kufagia studio na kibaraza chake, na bado akakuta kile kiduara kinazunguka kwenye kioo. Sesilia hakuwa na ugomvi nacho. Alikuwa amelea watoto na wajukuu, akajua kuna viumbe ukiwaharakisha ndiyo wanasimama kabisa.

Studio yenyewe ilikuwa Mlalo, chini kidogo ya barabara ya kanisani, ubavuni mwa fundi cherehani. Ndani palikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na mabata wawili weupe, stuli moja iliyofungwa kitambaa, na kitana kilichoning'inizwa kwa uzi ili kisiondoke na wateja.

Glory aliingia na khanga ya msiba kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Yaani tumemlilia mama yako jana mpaka sauti zimekauka."

"Tumeshapoa, mama. Nimefuata ile picha yake. Nataka kubwa, ya kutangulia mbele ya jeneza. Tunazika leo saa tisa."

Efrazia, mama yake Glory, alipigwa picha mara moja tu maishani mwake. Sesilia aliikumbuka siku hiyo. Efrazia alikuwa anarudi gulioni, akaacha tenga lake la karoti mlangoni, akakaa kwenye ncha ya stuli kama mtu aliyeazimwa kiti, akauliza, "Tayari?" kabla hata Benjamini hajainua kamera.

"Siyo picha tu, mama," alisema Glory. "Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na sijawahi kumwona mama yangu amekaa. Nataka leo akae. Watu wote wamwone amekaa."

Sesilia akavaa miwani, akabofya. Kiduara kikazunguka. Likaja pazia, yakaja maporomoko, wakaja mabata wawili, ikaja stuli. Juu ya stuli hapakuwa na mtu.

"Hajafika," alisema Sesilia. "Tusubiri."

Picha za wanawake katika mashine ile ndivyo zilivyokuwa. Mwanamume ukimbofya unamkuta ameshakaa, mguu juu ya mguu. Mwanamke unaanza kuona stuli tupu, halafu baada ya muda anatokea pembeni, anatua alichobeba nje ya picha, anajifuta mikono kwenye khanga, anakaa, anarekebisha kilemba. Wasichana walikuja upesi. Wenye watoto wadogo walichelewa. Na kama ilivyokuwa kwenye kompyuta ndivyo ilivyokuwa kwenye fremu majumbani. Mgeni wa Mlalo akikuta ukutani stuli bila mwenyewe haulizi, anakunywa chai yake, na mara nyingi kabla hajaaga mwenye picha huwa amesharudi.

Lakini chai ya Sesilia ilipoa, ikaota utando juu, na Efrazia hakuja. Basi Sesilia akampigia simu Aron.

Aron alikuwa fundi wa kompyuta wa Lushoto mjini, na bahati nzuri siku hiyo alikuwa hapo hapo Mlalo akitengeneza mashine ya kopi ya shule. Kijana wa heshima. Alivua viatu mlangoni, akampa pole Glory, ndipo akalifungua boksi la kompyuta. Akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Akatoa utando wa buibui mzima mzima, akauweka juu ya gazeti. Akachomoa memori ya zamani, akachomeka nyingine kubwa zaidi aliyokuwa nayo mkobani. Akafuta picha zilizojirudia, akaiambia programu izipange upya zile picha ndogondogo inazoonyesha mwanzoni. Sesilia alimtazama kwa raha. Vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayechambua mchele; haviparamii, haviachi kitu.

Programu ikafunguka kabla hujapiga chafya. Wanakwaya wa sauti ya nne wakatokea wote kwa pamoja, tai zao zimenyooka. Mwenyekiti wa kijiji akatokea. Silvano, mumewe Efrazia, akatokea na shati lake jeupe kabla kidole hakijatoka kwenye mausi.

Aron akambofya Efrazia. Pazia, maporomoko, mabata, stuli.

"Mama, mashine haina tatizo tena," alisema. "Huyu mtu yuko mbali."

Akaikuza pembe ya picha. Nyuma ya ukingo wa pazia ulikuwa unapita mzigo mkubwa wa gwatemala, yale majani ya malisho, na chini ya mzigo miguu miwili yenye tope.

"Ndiye," alisema Glory. "Huo mguu wa kushoto anavyoukanyaga upande, ndiye mama."

"Majani ya nini humu ndani?" aliuliza Aron.

Wakaiangalia folda. Marehemu Benjamini alizipanga picha kwa nyumba, kila nyumba kwa jina la baba, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake, kwa kuwa hata kanisani na kijijini watu wamepangwa hivyo hivyo. Folda ya Silvano ilikuwa na Silvano mwenyewe, baba yake na mama yake, ndugu zake wa kiume, vipaimara vya watoto, na ng'ombe.

"Ng'ombe naye mlimpiga picha?"

"Kikundi cha maziwa kilitaka," alisema Sesilia.

"Basi huyo anakula, mama. Na hawa wazee wanakunywa chai. Na hawa watoto wanafuliwa." Aron alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kwamba mashine haina tatizo. "Tukitaka aje, tumfungulie folda yake peke yake."

Katika mashine ile hapakuwa na mwanamke mwenye folda. Sesilia mwenyewe alikuwa ndani ya folda ya Benjamini, na alipojibofya alikuwa akijisubiri kama wengine.

"Mfungulie," alisema.

Glory akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, jina la mama yake na la babu mzaa mama. Aron akaihamisha picha.

Efrazia akatokea. Akatua majani nje ya picha. Walisikia kishindo chake. Akaangaza macho akitafuta la kufanya. Akanyoosha pazia lililokuwa limekunjika kwenye bata mmoja, akaokota uzi sakafuni, akautia kwenye pindo la khanga. Akatazama huku na huku tena. Hapakuwa na kitu kingine. Basi akakaa, na safari hii hakukaa kwenye ncha. Alikaa kwa uzito wake wote, akaweka mikono mapajani, viganja vikiangalia juu.

"Shikamoo, mama," alisema Glory.

Efrazia akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Wakaitoa kwenye karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo Sesilia. Sesilia alikuwa ametoa picha nyingi katika studio ile, za maharusi na za wachungaji, lakini hakuwahi kutoa iliyotulia namna hiyo. Aliikatia fremu mwenyewe, akaifuta kioo mara mbili.

Walipokuwa wanaifunga kwa kitenge, Abrahamu akaingia. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Silvano, na kofia hakuivua.

"Dada Sesilia, mdogo wangu mmemfanya nini?"

"Ana nini?"

"Nenda ukamwone pale ukutani! Shati wazi mpaka kitovuni, kiatu mguu mmoja, anachungulia mlangoni kama mtoto aliyeachwa. Mama yetu kwenye fremu yake anawaonyesha wageni kikombe kitupu. Na picha ya ng'ombe inalia, dada. Mchungaji anasali, ng'ombe analia."

"Kwani baba hana mikono ya kufunga vifungo?" aliuliza Glory.

"Wewe, usituletee hayo!" Abrahamu akamgeukia. "Mama yako ana sifa Mlalo yote hii, mpaka Mgwashi wanamtaja. Kuchapa kazi. Leo ndiyo mnataka mumzike na sifa ya uvivu?"

"Nataka apumzike, baba mkubwa."

"Atapumzika mbinguni. Hapa yuko nyumbani kwa mumewe. Mrudisheni, mimi nikiona. Ama sivyo naita ndugu zangu, tuje tuzitoe picha zetu zote, na hiyo fremu tunaiacha hapa hapa."

Glory akaikumbatia fremu. Sesilia aliwajua ndugu za Silvano, akajua kwamba wangekuja kweli, na kwamba jeneza lingetangulia bila picha.

"Tutamrudisha, shemeji," alisema. "Kaa, unywe chai."

Kisha akamgeukia Aron. "Baba, ile memori yako ni nzuri mno. Mashine yangu ni kuukuu, haijaizoea. Nirudishie ya zamani."

Aron akamtazama, halafu akachukua bisibisi. Akairudisha memori ya zamani. Akazirudisha na zile picha zilizojirudia, moja baada ya nyingine. Alitaka kurudisha na utando wa buibui, Sesilia akamwambia huo basi. Kompyuta ikawashwa upya, chai ikachemshwa upya. Programu ilipofunguka, Aron akaiamuru imrudishe Efrazia kwa Silvano, lakini kwanza ikague kila picha iliyomo humo, ya kila nyumba, isije ikakosea. Mstari wa kijani ukatokea chini ya kioo, mwembamba na mfupi kama kipande cha ukucha.

"Ndiyo anarudi huyo?" aliuliza Abrahamu.

"Ndiyo huyo."

"Mbona hatembei?"

"Mashine ya zamani hii, shemeji. Inakwenda kwa miguu, na ni mlima."

Abrahamu akauinamia ule mstari, akauona kwa macho yake ukisogea kiasi cha unene wa uzi. Akaridhika. Akaenda kuwaambia nduguze kwamba mke anarudi, wavumilie, wamzungushie kaka yao kitambaa pale ukutani.

Saa tisa ukungu ulishuka mpaka kwenye matuta ya kabichi, na Efrazia akatangulia mbele ya jeneza lake, amekaa. Mchungaji alisema kwamba marehemu hakujua kiti. Alisema jogoo wa Mlalo walikuwa wakiamshwa na yeye. Watu walimsikiliza mchungaji huku wanaitazama picha, wakalia kilio kilichonyooka. Wanawake waliokuwa jikoni nyuma ya nyumba waliachiana zamu kwenye masufuria. Walikuja wawili wawili wakijifuta mikono, wakasimama mbele ya fremu, wakatazama jinsi mtu anavyokaa, wakarudi. Alikaa nyimbo zote. Alikaa mpaka kaburini, Glory amemshika kifuani, na shada la mwisho lilipowekwa alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepata jua.

Sesilia alikuwa anatazama nyaya za umeme zinazopita juu ya makaburi. Siku za ukungu kama ule umeme wa Mlalo hukatika, na ukikatika kompyuta ile husahau ilichotumwa. Alikuwa amelitegemea hilo. Lakini taa ya kanisani iliwaka jioni yote bila hata kupepesa.

Wageni wa kutoka Mnazi walifika wakati watu wameshatoka kuzika. Gari lao lilikuwa limechemsha kwenye kona za kupandia. Walisalimia, wakatoa pole, wakaomba kuiona picha wanayosimuliwa. Glory akawapeleka sebuleni, akafunua kitenge. Waliona pazia, na maporomoko ya maji, na mabata wawili.

"Marehemu yuko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

"Ametoka sasa hivi," alisema Glory. "Amekwenda kumkatia ng'ombe majani."

Wageni wakainamisha vichwa. Yule mkubwa akasema kwamba wanawake wa namna hiyo hawazaliwi tena, na kwamba Silvano amepata hasara kubwa sana. Akavuta kiti, akakaa chini ya picha ya Silvano, ambaye sasa alikuwa amefungwa vifungo mpaka shingoni, akauliza kama chakula kiko tayari.