Siku Niliyokula Ili Nipasuliwe

Mimi nauza maharage ambayo siruhusiwi kuyala. Yanatoka kwetu Kirungu, yanashuka mlima hadi Moba, yanapakiwa kwenye boti, kisha yanafika hapa Kalemie kwenye meza yangu ya sokoni. Nikifungua gunia jipya naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Wateja wanadhani naangalia kama yamekauka. Kumbe natafuta harufu ya jiko la mama yangu, na ile baridi ya asubuhi ambayo watu wa huku kwenye joto la ziwa hawaijui kabisa. Halafu nafunga gunia, nakwenda kunywa uji wangu.

Miaka saba sasa ni uji tu. Maumivu yenyewe nitayaeleza mara moja, maana nimechoka kuyaeleza. Ni kama mtu amenishona utumbo kwenye ukuta wa tumbo kwa uzi mfupi. Nikinyoosha mgongo, unavuta. Nikicheka, unavuta. Nikila kitu chenye maganda, tumbo linavimba, najikunja chini ya meza, na jirani yangu Glodie ananiuzia mpaka nipate nafuu. Zamani harusi haikuchangamka mtaani kwetu Kataki bila mimi kuingia uwanjani. Siku hizi nakaa pembeni nikishika mikoba ya wanaocheza.

Daktari wa kwanza alisema ni amiba. Huku kwetu hata ukivunjika mguu utaambiwa una amiba. Wa pili alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akatazama kwenye kioo chake, akasema haoni kitu, pengine nina mawazo mengi. Nilitaka kumrushia kiatu. Wa tatu, Dokta Numbi, kijana mrefu aliyetoka Lubumbashi, ndiye aliyeniamini, ingawa nusu. Aligusa kovu langu refu linalopita kando ya kitovu, akauliza nililipata wapi.

"Typhoïde ilitoboa utumbo," nikamwambia. "Ni Moba walinipasua, mwaka wa tisini na nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Basi njo ile, mama. Utumbo umegandana na kovu."

"Munipasue, muugandue."

"Hapana. Nikifungua leo, nitaacha kovu ingine, na ile nayo itagandisha. Tena ndani mule iko kama simenti. Naweza kutoboa utumbo nikitafuta njia." Akavua miwani. "Nitapasua siku tumbo itafunga kabisa. Unatapika, choo hakuna, hewa hakuna. Siku ile hatutakuwa na namna. Leo namna iko."

"Namna gani?"

"Kula vitu laini. Na kuvumilia."

Mume wangu Casimir, aliyekuwa amekaa kando yangu, akatikisa kichwa kukubaliana naye. "Umesikia, Mama Bertille? Hata angekubali, ile karatasi ya kupasuliwa mimi siweki sahihi."

Casimir ni fundi wa reli, na hajui kusema uongo. Siku ya posa alimwambia baba yangu, bila kuulizwa, kwamba hana nyumba na kwamba suruali aliyovaa ni ya kaka yake. Baba alicheka mpaka akakubali. Kaka huyo mwenye suruali aliingia chumba cha upasuaji miaka kumi iliyopita, akatoka amefunikwa shuka uso mzima. Kwa hiyo nilijua Casimir anaogopa nini. Ila hofu yake ilikuwa inaniumiza mimi.

Yeye akisikia kisu anamwona kaka yake. Mimi nikisikia kisu namwona mama. Mwaka ule wa tisini na nne wajomba wanne walinibeba kwenye machela, wakateremka nayo njia ya miguu, na mama akatembea nyuma yetu na sufuria ya maharage kichwani, kwa sababu hakuamini kwamba hospitali inajua kupika. Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Daktari, mzee mmoja tuliyemwita Papa Félicien, alikuwa na swali moja tu kila asubuhi: "Hewa imetoka?" Maana mtu aliyepasuliwa tumbo hali chochote mpaka ajambe. Ndivyo wanavyojua kwamba utumbo umeamka. Na mama naye akasusa chakula. Mtoto wangu hajala, nami sili.

Siku ya nne ikatoka. Haikuwa ya siri. Mama akapiga kigelegele kutoka kule chini ya kitanda, wodi nzima ikapiga makofi, na bibi mmoja aliyevunjika nyonga akaomba aletewe ngoma. Jioni mama alininywesha mchuzi wa maharage aliouchuja kwa kitambaa, kijiko kimoja. Tangu nizaliwe sijala kitu kitamu kama kijiko kile. Mama hayupo tena, wajomba wamebaki wawili, na machela ile sijui iliozea wapi. Nawakumbuka wote, na ninapowakumbuka huwa wamezunguka kitanda changu.

Basi maneno ya Dokta Numbi niliyabeba kichwani wiki nzima. Nitapasua siku tumbo itafunga. Sawa. Kama ni kufunga, nitalifunga mwenyewe.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Casimir alipokwenda kazini, niliteleka maharage ya Kirungu na maganda yake yote, nikayaunga kwa mawese na kitunguu kama mama. Nikachoma mahindi mawili. Nikaosha bakuli la mapera. Nikatandika mkeka, nikakaa, nikala.

Nisisifiwe kwa hilo. Ulikuwa upumbavu, na nusura unizike. Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilitafuna mahindi nikaona moshi wa jikoni kwetu. Nilikula maharage kwa mkono, nikalamba vidole, nikalia kwa raha. Mapera nilikula kumi na moja, na mbegu zake, kama tulivyokuwa tukiyala njiani tukitoka misa, tukishindana nani atamaliza mengi kabla ya kufika nyumbani. Kwa saa moja nilikuwa na miaka kumi.

Saa tisa alasiri tumbo likafunga. Ndipo nikajua kwamba yale ya miaka saba yalikuwa salamu tu. Casimir alinikuta sakafuni, natapika, siwezi hata kutamka jina lake. Hospitali walinipitishia mpira puani hadi tumboni, wakanitundikia serumu, yale maji ya kuingia mshipani. Dokta Numbi akaja, akatazama beseni nililotapikia.

"Mama, ulikula nini?"

"Uji."

Mbegu za mapera zilikuwa zinaelea mle ndani. Akaziona, nami nikaona kwamba ameziona. Alimgeukia Casimir.

"Papa, tunangojea mpaka kesho kutwa, saa sita ya mchana. Kama hewa inatoka, tumbo imejifungua yenyewe, tunaacha. Kama haitoki, tunaingia. Lakini siwezi kukuahidi kama nitamurudisha."

Akampa karatasi. Casimir aliikunja, akaitia mfukoni kwenye shati.

Siku mbili hakutoka kando yangu. Kabla ya hapo maumivu yalikuwa yakinikuta sokoni, yeye yuko relini. Jioni akirudi anakuta mke anayenuna, basi. Sasa aliyaona yote, moja baada ya lingine, mchana kutwa. Aliona jinsi ninavyouma kanga. Alihesabu pumzi pamoja nami. Siku ya pili, bila mtu kumwuliza, akaitoa ile karatasi, akaikunjua juu ya goti, akatia sahihi yake kubwa ya shule ya msingi. Hakunitazama.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, ikatoka.

Ilikuwa ndogo, lakini yenye adabu haikuwa. Casimir alikuwa kwenye kigoda, hatua moja kutoka kwangu. Tukatazamana. Ningepaswa kushangilia. Badala yake nikapiga hesabu: saa sita bado masaa mawili. Nikinyamaza masaa mawili tu, ninapasuliwa, na pengine mwaka huu nitacheza kwenye harusi ya binti yetu Bertille. Nikafunga mdomo. Nikageuza uso ukutani, nikamwacha mume wangu na masikio yake. Nilijua atanisema, maana Casimir ni Casimir.

Kabla hata ya saa sita machela ya magurudumu ikaingia, na Dokta Numbi nyuma yake, amevaa kofia ya kijani.

"Mama, hewa imetoka?"

Nikatazama dari.

"Papa, wewe umesikia kitu?"

Nikasikia kigoda kinalia. Nikageuka. Casimir alikuwa amesimama, jasho limemjaa juu ya mdomo.

"Bado, Dokta," akasema. "Hakuna kitu."

Miaka ishirini na nane ya ndoa. Mtu huyu ambaye aliwahi kumwambia mchungaji kwamba mahubiri yalikuwa marefu. Mtu ambaye akipita tu karibu na chumba cha upasuaji anahamia upande wa pili wa korido. Alikuwa amesimama pale ananisemea uongo ili nipelekwe mahali alipompoteza kaka yake, kwa sababu alikuwa ameona ninavyoumia, na hakutaka nijikunje tena hata mara moja. Nilikuwa nimetafuta mtu wa kuniamini kwa madaktari watatu. Kumbe aliyebaki kuniamini alikuwa huyu.

Nikalia. Ilivuta, nikalia hivyo hivyo.

"Imetoka, Dokta," nikasema. "Saa nne. Na huyu muongo amesikia muzuri sana."

Casimir akakaa chini kama mtu aliyetuliwa gunia. Dokta Numbi alitutazama, yeye na mimi, mimi na yeye. Akairudisha machela. Kisha akavuta kiti, akavua ile kofia ya kijani.

"Mapera yalikuwa mangapi, mama?"

"Kumi na moja."

"Na ulijua yatakufunga tumbo."

"Nilijua."

"Inauma kiasi kile?" akauliza. Hakuuliza tangu lini, wala wapi. Nikamwambia yote, kuanzia uzi mfupi hadi mikoba ya watu harusini, naye akasikiliza bila kutazama saa.

"Nitapasua," akasema mwishoni. "Si leo. Leo utumbo umevimba, nitaua muntu. Upumzike miezi miwili, upate nguvu. Nitamuita mukubwa wangu wa Lubumbashi tuingie wawili. Siahidi kitu, umesikia? Na pera hata moja nisisikie."

Casimir akatoa karatasi mfukoni, imelowa jasho, akampa kwa mikono miwili. "Sahihi iko tayari, Dokta. Muitunze."

Daktari alipoondoka tukabaki wawili, na wodi iliyokuwa imesikia kila neno. Casimir akanisogelea.

"Mama Bertille, kile kigelegele cha marehemu mama yako kilikuwa namna gani?"

"Usinichekeshe. Inavuta."

"Hewa imetoka, na hakuna hata muntu moja wa kushangilia?"

Akaweka mkono mdomoni, fundi wa reli mwenye mvi, akapiga kigelegele kibovu kuliko vyote vilivyowahi kupigwa mkoa mzima wa Tanganyika, kikakatika katikati, akaanza upya. Wodi ikapiga makofi. Nikacheka. Ikaniuma, nikaendelea kucheka.