Mkono Alioukanda Sifuna

Kila Julai, baridi ya Eldoret ilipokaza, kovu la Nasike lilipasuka. Lilikuwa kovu la moto, nene kama kamba, lililoanzia juu ya kiwiko cha mkono wa kulia, likapita kwenye kikunjo chake na kuishia katikati ya kigasha. Kamba hiyo ndiyo iliyomzuia kuunyoosha mkono tangu utotoni. Miaka yote ule mpasuko ulifunga wenyewe mvua zilipopungua, naye akaendelea na kazi yake ya ukarani katika duka la dawa za mifugo, akiandika na kubeba kwa mkono uliokunjika kama mtu aliyeshika kikapu kisichoonekana.

Mwaka huu haukufunga. Agosti ikaisha, Septemba ikaingia, na bado kidonda kilitoa damu kidogo kila alipovaa sweta.

"Mama Adero, hiyo kitu sasa lazima ionekane na daktari," mumewe Otiende alimwambia asubuhi moja wakinywa chai. Otiende alikuwa fundi wa umeme, mtu wa maneno machache, na alipotumia neno lazima alikuwa amekwisha kulifikiria kwa wiki nzima. "Tukitoka hapa tunaenda pamoja."

Kliniki ya ngozi ilikuwa imejaa. Nasike alikaa kati ya msichana mwenye mashimo ya chunusi mashavuni na mwanamume ambaye shingo yake nyuma, pale kinyozi hupitisha mashine, ilikuwa imeota vinundu vigumu vinavyong'aa. Wawili hao walikuwa wamezoeana kwa kukutana pale. Msichana alisema yeye huchomwa kwa visindano vidogo vidogo usoni ili ngozi ijijaze upya. Mwanamume alidungwa sindano ndani ya vinundu kila mwezi, na vilikuwa vimeanza kulala.

"Usikubali mtu akukate tu halafu akuache," alimwonya Nasike. "Mimi nilikatwa mara ya kwanza, ikarudi kubwa kuliko mwanzo."

Lakini Dkt. Kipyego, mpasuaji mwenye sauti ya chini, alipoushika mkono wa Nasike na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha, alisema lake lilikuwa la aina nyingine.

"Lile la yule mzee wa nje linavuka mipaka ya kidonda, linakwenda kule ambako hakuumia. Lako limekaa palepale ulipoungua. Shida yake ni kwamba limevuta. Wewe ulikua, lenyewe halikukua." Akakitazama kidonda tena. "Hapa panapopasuka, nitachukua kipande kidogo kipimwe. Kovu la zamani la moto likikataa kupona, hatulifanyii mchezo."

Otiende akamtazama mkewe. Hakuna aliyelitaja neno saratani.

Majibu yalipokuja, hayakuwa na ubaya. Daktari mwenyewe alionekana kushusha pumzi. Kisha akawaeleza alilotaka kufanya: kuikata ile kamba kwa mistari ya kupinda kama herufi Z ili ilegee, kuchukua ngozi nyembamba pajani na kuipandikiza pale patakapobaki wazi, halafu banzi la kuushikilia mkono, mazoezi, soksi ya kuubana, na kukandwa kwa miezi.

"Kovu halitafutika, nisikudanganye," alisema. "Tutalipunguza. Mkono utanyooka."

Nasike alisema atafikiria. Njiani kurudi nyumbani Kapsoya, Otiende alimwuliza kuna nini cha kufikiria, naye akamjibu walipofika mlangoni.

"Nikikatwa hapa," alisema, "naona kama watatoa kitu cha baba."

Otiende hakumcheka. Alikuwa amemjua mkwewe, Mzee Sifuna.

Siku aliyoungua Nasike hakuikumbuka vizuri. Walikuwa wakiishi Langas, chumba kimoja katika ploti ya vyumba vingi, na yeye hakuwa ameanza shule. Mama yake, Mideva, alikuwa ameinua sufuria ya uji kutoka jikoni akaiweka kwenye kigoda, akageuka kuchukua vikombe. Mtoto akaivuta, uji ukammwagikia mkono. Aliyoyakumbuka Nasike ni yaliyofuata, na hayo aliyakumbuka kwa mapenzi ambayo watu wengine huyaweka kwa sikukuu.

Baba yake alifanya kazi kwenye yadi ya mbao. Alirudi jioni na unga wa mbao kwenye nyusi, akinuka mbao za msaiprasi, akaoga kwenye bafu la mabati lililotumiwa na ploti nzima, kisha akaketi kando ya jiko. Nesi alikuwa amewaambia kwamba kidonda kikishafunga, ngozi ikandwe kila siku ili isikaze. Sifuna alichota jeli ya kukamulia ng'ombe, akaipasha moto kati ya viganja vyake, akasema, "Haya mayi, lete mgonjwa wetu." Mayi ni mama kwa Kibukusu, ndivyo alivyomwita binti yake siku zote, kwa kuwa alibeba jina la mama yake Sifuna.

Viganja vyake vilikuwa vikavu na vyenye sugu, lakini vilijua kukanda polepole. Mwanzoni Nasike alilia. Baadaye alisubiri saa hiyo kama watoto wengine wanavyosubiri mkate. Sifuna alimsimulia habari za Timboroa, alikofanya kazi ya kupasua mbao akiwa kijana: asubuhi ambapo nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu na zikakatika chini ya buti, ukungu uliowafanya wanaume waitane kwa miluzi wasipotezane msituni, mpishi wa kambi aliyechemsha maharagwe mpaka yakawa matope. Aliimba nyimbo za kanisani bila maneno, kwa pua tu. Redio ya jirani ilisikika kupitia ukutani. Wakati mwingine Nasike alilala mkono ukiwa bado mapajani mwake.

Na saa hiyohiyo mama yake alikuwa akitoka. Kulikuwa na vyombo vya kuosha nje, au nguo za kuanua, au chumvi ya kuomba kwa jirani. Mideva hakuugusa ule mkono. Alimshonea binti yake nguo za mikono mirefu, zote, hata za sikukuu, na alipomwogesha alianza upande wa kushoto na kumwachia mtoto ajioshe kulia mwenyewe. Nasike alipopata akili ya kuyaona hayo, alijiwekea jibu moyoni: mama anaona kinyaa. Hakumwuliza. Aliolewa, akazaa, akamzika baba yake kwenye shamba lao Chepsaita, na bado hakuuliza.

Kilichomfanya akubali kupasuliwa kilitokea Jumapili moja mchana. Adero, binti yake, alikuwa ndiyo kwanza anatembea bila kushikwa. Nasike alikuwa ameinama uani akichambua mboga, jiko likiwa upande wake wa kulia na sufuria ya maji juu yake. Mtoto akaja mbio akicheka, akajikwaa. Nasike akatupa mkono wa kulia kumzuia, na mkono ukaishia njiani, ukakwama pale kamba ilipofika mwisho. Alijirusha mwili mzima, akamdaka gauni kwa mkono wa kushoto, uso wa mtoto ukiwa karibu kabisa na makaa. Adero hakupata hata mkwaruzo. Alishangaa tu kumwona mama yake ameketi chini kwenye majivu.

Jumatatu asubuhi Nasike alimpigia Dkt. Kipyego mwenyewe.

Mideva alikuja kutoka Chepsaita kumlea mjukuu. Alikuwa mwembamba sasa, mjane wa kitambaa cha kichwa kilichofungwa nyuma, na aliingia na debe la mahindi mabichi kana kwamba Eldoret nzima haina chakula. Operesheni ilikwenda vizuri. Nasike aliamka akiwa na banzi kutoka begani hadi vidoleni, paja likiwaka kule ngozi ilikotolewa. Nesi alipofika nyumbani kufungua bandeji, Mideva alimbeba Adero akatoka nje, akasema anaenda kumwonyesha kuku wa jirani.

Nasike alimtazama akitoka. Alikuwa mtu mzima, mama wa mtu, lakini jibu lile la utotoni lilimrudia vilevile.

Ngozi mpya iliposhika na daktari kuridhika, fizio mmoja wa mazoezi ya viungo, aitwaye Akumu, mwanamke mchangamfu wa vidole vyenye nguvu, alimwonyesha Otiende namna ya kukanda. "Bonyeza mpaka kovu libadilike rangi, halafu zungusha. Usipapase kama unapaka losheni."

Otiende alipapasa kama anapaka losheni. Aliogopa kumwumiza, kila Nasike alipovuta pumzi, yeye aliinua mikono kama aliyeguswa na waya. Kisha kazi ikamwita Burnt Forest, kwenye ujenzi wa shule, akawa anarudi mwisho wa wiki. Nasike akajaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba kilichoka kabla ya kufika kiwikoni, na ile ngozi ikaanza tena kujikaza.

Alasiri moja mvua kubwa ilishuka. Adero alikuwa amelala. Nasike alikuwa ameketi sebuleni, soksi ya kubana ameivua, akihangaika na jeli. Mideva alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakukuwa na pa kutokea. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kizingitini.

"Unaifanya vibaya," Mideva alisema.

"Najua, mama. Nitazoea."

"Unaanzia mahali imekaza. Huanzii hapo. Unaanzia kwenye nyama laini, unaisukuma pole pole ikuje." Akauweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye leso. "Lete."

"Mama, si lazima."

"Nasike. Lete mkono."

Akaulaza mapajani mwake. Aliutazama, kovu jipya lenye rangi ya waridi na viraka vyake. Kisha akapasha jeli kati ya viganja, akaanza. Nasike alishtuka. Mwendo ulikuwa uleule wa baba: kidole gumba kikizunguka, kikisimama, kikisubiri ngozi ikubali, kisha kikisogea.

"Umejulia wapi?" aliuliza. "Wewe ulikuwa unatoka. Kila jioni ulikuwa unatoka."

Mideva hakuacha kukanda.

"Siku ya kwanza nilikaa. Ulilia, na mimi nikalia kukushinda. Baba yako akaniambia, Mideva, toka kidogo, mtoto anaogopa akikuona hivyo. Hakusema kwa ubaya. Nikatoka." Akaongeza jeli, mvua ikipiga mabati. "Halafu sikujua tena vile nitarudi ndani. Kesho yake nikasema nitarudi, nikasikia mnaongea, mnacheka. Nikaona, hawa wameshamaliza bila mimi. Na ni mimi niliweka hiyo sufuria."

"Mimi nilidhani unaona kinyaa."

Mikono ya Mideva ikasimama.

"Kinyaa?" alisema, kwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi. "Mtoto wangu? Yaani umekaa na hiyo miaka yote?"

Nasike akaitikia kwa kichwa. Mama yake akaukamata ule mkono kwa mikono yote miwili, kwa nguvu kuliko fizio alivyoshauri.

"Sikiza. Ukishalala, baba yako alikuwa anakuja ananiambia, leta mkono wako. Ananikanda mimi, hapa hapa," akaonyesha kikunjo cha kiwiko chake mwenyewe. "Anasema, leo hapa palikuwa pagumu. Leo hapa pamelegea, mtoto hakulia. Alikuwa ananionyesha kila kitu kwa ngozi yangu. Mwanzo alitaka kujua abonyeze kiasi gani bila kukuumiza, ndiyo akajaribu kwangu. Baadaye nadhani alifanya tu ili nisikose. Hakuna siku sikujua mkono wako unaendeleaje."

Wakalia wote wawili, bila aibu, mpaka Adero akaamka akaja kuwaangalia kwa mshangao. Mideva alipangusa uso kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta, akaendelea na kazi.

Tangu siku hiyo aliukanda asubuhi na jioni. Hakurudi Chepsaita kuvuna. Alimpigia shemeji yake simu, akamwambia avune. Akumu aliupima mkono kliniki akashangaa jinsi ulivyonyooka haraka. Haukunyooka kikamilifu, mwishoni palibaki kikunjo kidogo ambacho daktari alisema hakitamsumbua. Kovu lilitulia, likawa bapa na laini, rangi yake ikaanza kurudi polepole. Nasike aliweza kuanika blanketi kwenye kamba, na Adero akajifunza kuning'inia kwenye mkono huo kama tumbili.

Jumamosi moja ya Desemba Otiende alirudi kutoka Burnt Forest akawakuta wamekaa kibarazani, mkono wa Nasike mapajani mwa mama yake, wote wawili wakicheka hadi machozi. Mideva alikuwa akisimulia siku Sifuna alipokuja kwao Maragoli mara ya kwanza kujitambulisha, amebeba kiti alichokitengeneza mwenyewe kama zawadi. Mjomba wa Mideva, mtu mzito, akakikalia mbele ya wazee wote, na mguu mmoja wa kiti ukatoka.

"Akafanya nini?" Nasike aliuliza, akipata pumzi kwa shida. Habari hiyo baba yake hakuwahi kumpa.

"Nani, mjomba ama baba yako?"

"Baba."

"Alisema mbao ilikuwa bado mbichi," Mideva alisema, "na mjomba akiwa bado chini, akaanza kuwaeleza wazee vile mbao hukaushwa."

Otiende alisimama na begi lake begani, asijue wanachocheka. Nasike akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi, akamwambia akae asikilize.