Karatasi ya Sekunde

Karatasi ile niliibandika mwenyewe ukutani, juu ya kitufe cha mashine ya eksirei: jino la mbele nusu sekunde, gego zaidi kidogo, mtoto punguza. Mwandiko wangu ni mzuri, na najua. Daktari wa meno, bosi wangu, huwaambia wagonjwa kwamba ukutani kwetu kuna mwalimu.

Mwaka jana tukaachana na filamu za eksirei. Tukaletewa kidude cha kuweka mdomoni kinachopeleka picha moja kwa moja kwenye kompyuta, na ambacho hutosheka na mionzi kidogo tu. Fundi aliyekifunga alisema hivyo, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Karatasi sikuigusa, sekunde zikabaki zile zile za filamu. Filamu ukiizidishia mionzi inakuwa nyeusi, unajua umekosea. Kompyuta haikwambii, inarekebisha yenyewe, picha inatoka safi. Nikasifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia mionzi.

Jumanne akaja mkaguzi wa mionzi na kipimo chake. Akapima, akasoma karatasi, akapima tena. Mara tatu ya inayohitajika, akasema, kisha akauliza nani kaiandika. Sijawahi kuuchukia mwandiko wangu namna ile.

Nikafungua daftari la wagonjwa. Miezi kumi na moja, watu chungu nzima, lakini macho yangu yalimtafuta mmoja: binti wa dada yangu, wakati ule ana miaka sita, aliyeanguka akaumia jino la mbele. Picha sita. Alikuwa anatetemeka, zikatoka na ukungu, nami nikamgombeza atulie. Ya tano ilifaa kabisa. Ya sita nilipiga kwa sababu niliitaka nzuri zaidi.

Mkaguzi alinieleza taratibu kwamba kiasi chenyewe bado ni kidogo, na hatari yake ndogo sana. Nikamuuliza kama hatari hakuna kabisa. Akafunga mkoba wake, akasema hilo hawezi kuniambia.

Nilipotoka kazini nikaenda kwa dada, nikamweleza yote bila kujitetea. Hakunitukana, heri angenitukana. Akauliza kama kuna dawa. Hakuna. Kipimo cha damu je? Hakuna.

"Sasa, mdogo wangu, umekuja kuniambia ili nifanye nini?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya hata palipolowa hapaonekani. Nilikaa tu pale kwenye kochi, mikono mapajani, sina maana.

Mtoto akatoka chumbani, akaja kunipanulia mdomo nione jino jipya linavyochomoza. Halafu akasimama mbele yangu, kichwa wima, mikono ubavuni, hata kope hazichezi.

"Mama mdogo, ukinipiga picha tena sitatikisika. Nafanya mazoezi kwenye kioo."

Akabaki hivyo hivyo, amebana pumzi, akisubiri nimwambie imetosha.