Sauti Ambayo Haikuandikwa

Kila Jumapili saa kumi alasiri, stesheni moja ya redio mjini Chicago ilirusha mchezo wa nusu saa, na kila wiki mchezo ulikuwa mpya: hadithi nyingine, watu wengine. Asiyebadilika alikuwa Orville Tackett, fundi wa sauti, seremala wa zamani aliyeweza kukunyeshea mvua kwa njegere kavu na sinia. Kifaa alichokipenda kuliko vyote ni mlango mdogo aliouunda mwenyewe, wenye komeo na bawaba za kulalamika.

Jumapili hiyo mchezo ulihusu mjane aliyemfukuza mwanawe. Mwishoni kijana anarudi, anabisha, na mama anakataa kumfungulia. Mama huyo aliigizwa na Hester Maddigan. Kwenye mazoezi ya asubuhi, kila alipofika ukurasa wa mwisho, sauti ilimkauka.

"Una mafua?" Orville alimuuliza wakinywa kahawa.

"Nina Clement. Mwanangu. Mwaka wa nne huu hatusemezani. Nilimwambia maneno haya haya, Orville."

"Si umwambie mwongozaji, Vogel, ayabadilishe?"

"Vogel huyu huyu? Hata koma haondoi."

Saa kumi taa nyekundu ikawaka: wako hewani. Siku hizo hakukuwa na kurudia. Neno likitoka limetoka, nchi nzima imelisikia. Mambo yalikwenda sawa hadi mwisho. Orville akabisha mara tatu.

Hester akaitazama karatasi yake, kisha akaishusha.

"Subiri," alisema. "Subiri, mwanangu, nakuja."

Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo Vogel akaruka kitini, akipunga mikono: hapana, hapana! Mwigizaji wa mwana akapekua karatasi zake akiutafuta mstari huo. Orville alikuwa ameshika komeo. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kutoa sauti isiyoandikwa. Moyo ulimdunda hadi akahofia maikrofoni itaunasa. Hester alikuwa akimtazama yeye, si Vogel.

Akavuta komeo. Bawaba zikalia taratibu.

"Umekonda," Hester akasema.

"Ndiyo, mama," mwigizaji akajibu. Muziki ukaingia.

Vogel akatoka mbio, uso umemwiva. "Mwandishi atanichinja! Bibi Maddigan, wiki ijayo unacheza maiti, tena maiti bubu! Na wewe Tackett, nilidhani wewe ni mtu mzima!"

"Hata mimi nilidhani hivyo," Orville alisema.

Hester hakuwa akisikiliza. Alikwisha kwenda kwenye kibanda cha simu ukumbini, anamwomba opereta amuunganishe na Toledo, mji alikoishi Clement. Orville akakaa kwenye benchi na koti la Hester mapajani. Kupitia kioo alimwona akitaja jina, akauliza jambo, akajifuta macho kwa glavu. Kisha akachomoza kichwa nje.

"Hakusikia hata neno moja!" alisema, machozi yanamtoka huku anacheka. "Redio yake imekufa tangu Krismasi. Nenda tu nyumbani, Orville. Hapa sitoki leo, maana itabidi nimwambie mwenyewe."