Saa Ilikuwa Imetangazwa

Cherehani ilikuwa imeshafungwa kamba juu ya mkokoteni, na mkokoteni umeshapita kona ya duka la dawa, ndipo Kinyozi alipochomoka saluni, kitana mkononi, kumkimbilia dada yake, Fundi.

"Dada, simama basi tuongee!"

Fundi hakusimama. Alikuwa ameshikilia meza ya cherehani isiyumbe, anatembea kama anayesindikiza maiti. "Ongea huku unatembea. Mnunuzi ananingoja."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Mbona siku ile ulijificha?"

Mambo yalikuwa hivi. Mama yao alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wanawe akiwajua kwa sauti tu. Ndugu hawa wawili wakachanga pesa ya upasuaji. Ilipopungua kidogo, wakakubaliana kuizungusha kwenye biashara ya sarafu, euro kwa dola, kupitia simu ya Kinyozi: kuingia asubuhi, kutoka jioni. Fundi alikubali kwa sharti moja, akalirudia mpaka likachosha. Siku ya habari kubwa, benki kuu ikitangaza riba au serikali ikitoa hesabu ya ajira, kila kitu kifungwe kabla, faida iwe haba, hasara iwe ndogo. Simu iwekwe chini, watu wanywe chai. Vumbi likitua ndipo warudi. Kwa sharti hilo pesa ilikuwa inaongezeka, mwendo wa konokono, lakini konokono naye hufika.

Kinyozi akauchoka mwendo huo. Mteja mmoja, huku akinyolewa ndevu, alimwambia kwamba kwenye habari ndiko kwenye nyama. Basi siku ya riba, Fundi akafunga kila kitu kama kawaida, akaenda kumwogesha mama. Huku nyuma Kinyozi akatega mitego miwili: agizo la kununua juu ya bei, agizo la kuuza chini yake, kila moja na stopu yake, bei ya kujifungia lenyewe ili kuzuia hasara. Mnyama apite juu, apite chini, ataponea wapi? Akatega kwa karibu mtaji wote.

Riba ikatangazwa. Bei ikaruka juu, mtego wa kwanza ukafyatuka. Papo hapo ikageuka, ikashuka kama jiwe kisimani, ikaivuka stopu kama mbuzi anavyovuka uzio mbovu, ikafyatua mtego wa pili kule chini kabisa. Kisha ikapanda tena. Mitego yote miwili ikamnasa mtegaji, na sehemu kubwa ya pesa ya upasuaji ikaenda.

"Ilikuwa bahati mbaya tu, dada," alisema Kinyozi, akihema.

Hapo Fundi akasimama, katikati ya barabara.

"Bahati mbaya ni radi! Radi haipigi hodi. Hii saa yake ilikuwa imetangazwa wiki nzima, mpaka simu yako ikalia kukukumbusha. Umesikia honi ya treni, ukaenda kulala relini, halafu unaniambia bahati?"

"Si niliweka stopu!"

"Stopu ni ombi, si ukuta. Bei ikiruka, nani atakungojea pale ulipoandika?"

"Nilitaka tumalize haraka. Mama anateseka."

"Mama usimtaje! Ulitaka uje unicheke, useme dada yako mwoga. Haya, mwoga anauza cherehani. Shujaa anauza nini? Hicho kitana?"

Msukuma mkokoteni akaguna. "Mama, mimi nalipwa kwa safari, si kwa kesi."

"Nipe nafasi moja tu," Kinyozi akabembeleza. "Wiki ijayo kuna hesabu ya ajira, nitazirudisha zo..."

Fundi akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akanyoosha mkono. "Lete simu. Fungua."

Kinyozi akaifungua, akidhani dada anataka kuona chati. Fundi akatoa salio lililobaki, akalituma kwenye simu yake mwenyewe, akamrudishia Kinyozi ya kwake. Mkokoteni ukaendelea.

Mama alipasuliwa jicho la kulia. La kushoto bado. Fundi sasa anashona kwenye karakana ya mtu, kwa malipo ya kila kipande. Mnunuzi wa cherehani alihamia mji mwingine, akaenda nayo. Kinyozi ananyoa, na kila mwisho wa mwezi humpelekea dada yake kiasi. Mteja wa ndevu alitafuta kinyozi mwingine. Ndugu hao wawili husalimiana.