Ruhusa ya Mwanalima

Jumatatu ile dada yangu Mwanalima alifia kwenye meza ya upasuaji, hospitali ya Kismayu, mashine ya senema ikizunguka juu yake. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Daktari Mtaliani alikuwa amenituma nimwombe dada ruhusa ya kupiga filamu tumbo lake likipasuliwa. Niliona haya kumtajia mwili wake, nikasema tu, "Watakupiga picha."

Akacheka. "Basi Shee, nipe wanja na leso yangu mpya. Nisije nikatoka kama mpara samaki!"

Akajipaka wanja, akakubali. Mezani walimfunika uso kwa kitambaa, wakaacha tumbo wazi.

Daktari amesharudi kwao na filamu. Huwaonyesha wanafunzi wake, wote wanaume.