Kifua cha Jogoo wa Munguti

Mzee Kisemei alikuwa ameapa kwamba hatamwoza binti yake Naipanoi kwa mtu anayefuga ndege. Ng'ombe ni mifugo, alisema, mbuzi ni mifugo. Kuku ni kelele tu. Naipanoi alimbembeleza mpaka akalegeza neno moja: angekula kuku Jumapili kwa Munguti, mfuga kuku aliyemposa Naipanoi, kisha ndipo angetoa jibu.

Basi broila wengine, kuku wale wa nyama, walipouzwa, Munguti alimbakiza jogoo aliyewapita wote. Kifua kilimjaa hata miguu ikashindwa kumbeba. Akitembea kidogo, anaketi. Kila jioni majirani walipotoka kazini, Munguti alimnyanyua kwa miguu, kichwa chini, jogoo akapigapiga mabawa kwa nguvu zake zote ili kila mtu aone kifua kile.

"Hii ni kuku ama ni ndama?" Nashon, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimtania, na Munguti akamnyanyua tena.

Jumapili mzee alipewa kisu akate kifua mwenyewe. Nyama ya juu ilikuwa safi. Kisu kilipofika ndani, karibu na mfupa, kikafichua mnofu wa kijani, mkavu, uliovunjikavunjika. Mzee alikiweka kisu chini, akanawa mikono, akaenda zake.

Kesho yake Munguti alimpelekea Makokha, daktari wa mifugo, mnofu ule, akiwa tayari kumshtaki aliyemuuzia chakula cha kuku. Makokha alisema si sumu. Broila, alimweleza, amechaguliwa kizazi baada ya kizazi akue upesi na kifua kijae. Mnofu wa ndani umebanwa kati ya mfupa na utando mgumu usiotanuka. Kuku mzito akipiga mabawa sana, mnofu unavimba, damu inakosa njia, nyama inafia ndani na mwenyewe angali hai.

"Sasa nani alikuwa anampigisha mabawa?"

Munguti aliuchukua mnofu wake, akatoka. Njiani aliwalaani waliomuumba kuku wa namna ile, akamlaani Nashon na vicheko vyake, lakini hasira haikupata pa kutua ila kwenye mikono yake mwenyewe. Naipanoi alimwambia aende akamweleze baba hivyo hivyo, asipunguze kitu.

Alimkuta mzee langoni mwa boma, ng'ombe wakiingia. Mzee alimsikiliza bila kumtazama.

"Kwa hivyo hiyo kuku ilikuwa imekufa ndani kabla uichinje. Na ni wewe uliiua."



"Ni mimi, mzee."

"Leta ingine. Na usionyeshe mtu."

Sasa jogoo mwingine ananenepa bandani, na kifua chake kinakishinda cha yule wa kwanza. Jioni Nashon huja na wageni, wote shingo ndefu.

"Toa tuone, bwana."

Munguti husimama mlangoni pa banda, mikono ameibana kwapani, uso umemkunjamana.

"Amelala," husema.